Vikuku Mizanini

Kaeni, wapendwa, kaeni. Na ninyi mnaosimama mlangoni, benchi la mbele halijawahi kumuuma mtu, njooni mkae.

Leo nina jambo moja tu. Limenikaa kooni tangu juma lililopita, nilipokwenda kunyoa pale senta. Baadhi yenu mlikuwepo, msijifanye hamkumbuki. Redio ilikuwa inasoma habari za uchumi: nchi fulani imekua kwa asilimia kadhaa, nchi fulani imekua zaidi, jirani wa huku ametupita, jirani wa kule tumempita sisi. Basi ikazuka vita! Mtu kichwa nusu kimenyolewa, nusu bado, anasimama na kitambaa shingoni kutetea asilimia. "Wale wenzetu wana lami mpaka vijijini!" "Lami gani, inamenyeka kama ganda la ndizi!" "Sisi ndio tumekua!" Kinyozi kabaki na mashine inanguruma hewani, hajui amnyoe nani. Na mimi mchungaji wenu, niseme ukweli, nilikuwa miongoni mwa waliopiga kelele.

Nilipofika nyumbani nikaona aibu. Tulikuwa tunagombania nini pale? Namba. Sasa namba si kitu kibaya. Mnajua kwamba kabla sijavaa joho hili nilikuwa mpima kahawa wa chama cha msingi cha ushirika, miaka kumi na moja. Mizani naijua. Na ninyi nawajua! Nimepima magunia ya kahawa na changarawe, nimepima kahawa iliyolowekwa ili iwe nzito. Nilikuwa natia mkono guniani, natoa jiwe, namwonyesha mwenye gunia, naye ananiambia, "Loo, Shetani huyu, Shetani!" Kumbe Shetani naye ana shamba la kahawa huku kwetu. Mama Eustela, usicheke sana, gunia la marehemu mzee wako lilikuwepo.

Basi kwa ajili ya kelele zile za kwa kinyozi nimewaletea mfano. Ni mfano tu, nimeutunga mwenyewe nikiwa napalilia migomba yangu. Asije mtu baada ya ibada akaniambia, "Mchungaji, yule mama namfahamu." Humfahamu.

Walikuwepo ndugu wawili wa kike, wa baba mmoja na mama mmoja. Mkubwa aliolewa upande mmoja wa mpaka, mdogo akaolewa upande wa pili. Nchi zenyewe sizitaji, maana mtaanza kupiga makofi. Mpaka ulikuwa safu ya mawe yaliyopakwa chokaa, yanakatiza katikati ya mashamba. Mbuzi alilala nchi hii na kula nchi ile bila kuulizwa. Lakini kwa binadamu mawe yale yalikuwa na maana. Upande wa dada mkubwa kulikuwa na umeme, barabara ya lami, na kituo cha afya chenye vitanda. Upande wa mdogo kulikuwa na zahanati ya vyumba viwili, nesi mmoja, na barabara ambayo mvua ikinyesha inakuwa mali ya vyura.

Ndugu hawa walijifungua mwaka mmoja, wamepishana wiki mbili. Mkubwa alipata mtoto wa kiume, mdogo akapata wa kike. Bibi wa watoto, yaani mama wa ndugu hawa wawili, akawavika wajukuu wote wawili kikuku cha shaba mguuni, kimoja kimoja, kwa desturi ya ukoo ule. Kikuku cha bibi hakivuliwi mpaka mtoto atembee, na anayekivua ni bibi mwenyewe. Kikivuliwa kabla, walisema, miguu ya mtoto inasahau njia. Manesi wa pande zote mbili walikwisha kuchoka kubishana na mabibi, wakawa wanapima watoto na vikuku vyao. Uzito wa kikuku kimoja ni nini? Walisema si hoja.

Kila mwezi mtoto anapimwa, uzito wake unatiwa nukta kwenye kadi, na nukta zinaunganishwa kwa mstari. Akina mama, kadi ile mnaijua. Mstari ukipanda, mama anatembea katikati ya njia akisalimia hata wasiomsalimia. Mstari ukilala, anapita nyuma ya nyumba.

Na kila Alhamisi kulikuwa na gulio pale pale mpakani, na ndugu hawa walikutana humo. Dada mkubwa hakuwa mtu mbaya, nawaambieni. Ila alikuwa na tabia moja: kabla salamu hazijaisha, mkono umekwisha kuingia kwenye mkoba na kadi imetoka.

"Hebu mwangalie mwanao huyu," anasema. "Mwezi huu kapanda tena. Sijui anakula nini!"

Mdogo anaangalia. Anatoa na ya kwake, polepole. Mstari wa kwake unapanda pia, lakini unapanda kama mzee anayepanda ngazi, hatua moja na kupumzika.

"Atakua tu, mdogo wangu," dada anasema kwa huruma. "Si unajua, huko kwenu mambo ndiyo hivyo tena."

Huko kwenu! Mmelisikia neno hilo? Aliyepimwa ni mtoto mmoja, lakini neno limeangukia nchi nzima, mpaka ng'ombe waliomo. Mdogo alirudi nyumbani siku ile neno hilo likimchoma njia nzima. Na mtoto wake hakuwa na kasoro yoyote. Alikuwa na mwili mdogo kama wa mama yake, anakunywa maziwa yake asubuhi, anacheka, anavuta sufuria na kumwaga maharage. Lakini tangu siku ile mama hakumwona tena mtoto. Aliona mstari.

Akafanya nini? Ngojeni muone akili ya mtu aliyechomwa na neno. Nyumbani alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa. Siku zote alipokama, kikombe cha kwanza kilikuwa cha mtoto, kinachobaki ndicho kinauzwa. Mwezi ule akaanza kuvusha maziwa yote, na kikombe cha mtoto kikiwemo, mpaka kwenye migahawa ya upande wa dada yake, ambako bei ni nzuri. Alichopata akampelekea fundi wa shaba pale gulioni, akanunua kikuku kimoja. Kinene kweli kweli. Akamvika mtoto mguu wa pili, akaenda zahanati, akamwambia nesi, "Hiki ni cha bibi yake mzaa baba." Nesi atabishana na mabibi wangapi? Akapima. Mstari ukapanda!

Mwezi uliofuata kikaja kikuku cha shangazi. Uliofuata, cha shangazi mwingine. Mtoto alikuwa na mashangazi wengi kuliko mtoto yeyote katika tarafa ile. Wakati huo chakula chake kilikuwa uji mwembamba wa muhogo, ule ambao ukiutazama unaona chini ya kikombe. Na mama mwenyewe kutwa yuko njiani na dumu kichwani, kwa hiyo hata titi likaanza kukauka. Mtoto akipungua gramu mia mbili, vikuku vinaongeza mia mbili na hamsini. Zikichoka miguu kubeba, mikono ipo. Na juu ya yote hayo sweta la sufi, jua liwake lisiwake.

Lakini kadi! Kadi ilipendeza. Mwenyekiti wa kitongoji akamsimamisha mama yule mkutanoni, apigiwe makofi kama mfano wa kuigwa. Redio ikatangaza kwamba maziwa yanayovuka mpaka kutoka upande ule yameongezeka kuliko mwaka wowote, na mume wake akaongeza sauti ili majirani wasikie. Maziwa ya mkewe yalikuwemo katika habari ile. Na ya mwanawe pia, ila redio haikusema. Gulioni sasa mdogo ndiye aliyewahi kutoa kadi.

"Mwangalie mwanao, dada. Sijui anakula nini!"

Dada akatazama, akafunga mkoba wake.

Niwaulize, ndugu zangu, na mnijibu mioyoni. Katika nyumba ile kulikuwa na kitu kinakua? Kilikuwepo. Biashara ilikua, sifa zilikua, mstari ulikua. Angekuja mtaalamu na karatasi zake angeandika kwamba nyumba hii imepiga hatua. Na asingekuwa ameongopa hata neno moja. Angekuwa tu hajamfungua mtoto sweta.

Asubuhi moja mama aliamka, na mtoto hakulia. Alimkuta macho wazi, ametulia, anatazama dari. Akamwita, mtoto akageuza macho tu, kichwa hakikugeuka. Mama akampa titi, hakuvuta. Akamfunga mgongoni akakimbia zahanati. Mlango una kufuli. Nesi amekwenda semina, atarudi keshokutwa. Basi akageuka, akayaruka mawe ya chokaa, akaingia nchi ya pili akihema. Dada yake alikuwa uani anaanika nguo.

"Mdogo wangu! Kuna nini?"

"Mtoto, dada. Mtoto."

Dada akaacha nguo chini kwenye vumbi, wakakimbia wote wawili mpaka kituo cha afya. Foleni ilikuwa imefika barazani. Walipoona mtoto amelegea, watu wakawapisha. Nesi wa pale alikuwa mama wa makamo, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi. Akafanya kama inavyofanywa siku zote: akachukua kadi kwanza, kisha akamtia mtoto kwenye kile kifuko cha mizani na sweta lake na vikuku vyake.

"Kilo nane na robo," akasema. "Hajapungua hata kidogo. Mama, mwanao amekua vizuri kuliko watoto wengi waliomo humu. Hii ni homa tu ya msimu. Mpe maji mengi, umrudishe Jumatatu."

"Nesi, hanyonyi. Amelegea."

"Namwona, mama. Lakini kitanda kimebaki kimoja, nacho nimekiwekea mtoto yeyote aliyeshuka chini ya mstari mwekundu, ule wa hatari. Wako amepanda miezi sita mfululizo. Mimi nitaandika nini hapa?"

Mtaniambia, mchungaji, nesi huyo hana macho? Macho anayo. Anao pia watoto arobaini wanaosubiri, na huyu amefungwa sufi mpaka masikioni, na kadi iko mezani, imepigwa mihuri yote, inamwambia usiwe na wasiwasi. Hata wewe ungeiamini kadi. Nani alimfundisha kuiamini? Ni mama mwenyewe, mwezi baada ya mwezi, kikuku baada ya kikuku.

"Twende basi, mdogo wangu," dada akasema, akamshika mkono. "Nesi amesema mzima. Twende nyumbani apumzike."

Sasa mtazameni mama yule. Hapo ndipo mfano wangu unaposimama. Akitoka na mtoto, hakuna atakayejua kitu. Kadi inabaki nzuri, mwenyekiti anaendelea kumsifu, na mtoto, basi, itasemwa Mungu amemtaka. Akibaki, itabidi aseme. Aseme mbele ya foleni nzima ya nchi nyingine, watu wale wale wanaosema "huko kwenu". Aseme mbele ya dada yake, mtu mmoja katika dunia hii ambaye hakutaka ajue. Ningekuwa mimi? Sijui, wapendwa. Ndiyo maana sijawahi kumcheka mama huyu tangu nimtunge.

Akautoa mkono wake kwenye mkono wa dada.

"Nesi," akasema, "kadi hiyo inasema uongo."

"Unasemaje?"

"Mpime tena. Mpime bila vikuku."

Dada akashtuka. "Wewe! Vikuku vya bibi? Mama hayupo hapa, nani wa kuvivua?"

"Cha mama ni kimoja, dada. Hivyo vingine nilinunua mwenyewe. Nilikuwa napandisha mstari."

Akapiga magoti, akamfungua mtoto sweta, akaanza kuvivua kwa mkono wake. Kumvua mtoto kikuku kunataka sabuni na subira, akina mama mnajua. Vile havikutaka sabuni. Viliteleza vyenyewe, kimoja baada ya kingine, vikalia kwenye sakafu. Sita. Hata kile cha bibi, cha saba, kikatoka bila kuvutwa. Foleni yote ikasogea kutazama. Nesi akavaa miwani yake, akamrudisha mtoto kwenye mizani, akasoma mara mbili.

"Kilo sita na robo."

Kilo mbili nzima zilikuwa shaba na sufi. Nesi hakumkemea. Alichukua kalamu, akatia nukta chini kabisa ya kadi, chini ya mstari mwekundu, chini kuliko nukta ya mtoto yeyote katika foleni ile. Ule mstari mzuri wa miezi sita ukaanguka kama mtu aliyekosea ngazi. Kisha akapaza sauti kwa wenzake ndani: "Tandikeni kitanda. Na maziwa ya dawa, haraka." Akamgeukia mama. "Haya, sasa najua nafanya nini. Hujachelewa. Ingia."

Hujachelewa! Na mama yule akafanya jambo ambalo foleni haikulielewa. Aliitazama ile nukta, akakaa chini sakafuni katikati ya vikuku vyake, akashusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishika miezi sita. Akacheka huku machozi yanamtiririka. "Asante, Mungu wangu," akasema. "Asante, asante." Wanawake wakanong'onezana, "Kapatwa na nini huyu? Mtoto kashuka, mama anashukuru?"

Alishukuru, ndiyo. Kwa mara ya kwanza tangu alipochomwa na lile neno, aliyekuwa kwenye kadi ni mwanawe.

Mtoto alilishwa kwa kijiko, kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili. Siku ya nne asubuhi alilia. Alilia kile kilio kikali cha mtoto anayedai haki yake, mpaka wodi nzima ikaamka, na mama akawa anazunguka kitandani akicheka kama bibi harusi. Dada mkubwa alikuwepo siku zote hizo, na chupa yake ya chai na ndizi za kuchemsha.

"Mdogo wangu," akamwambia wakiwa wamekaa kwenye ngazi za wodi, "nani alikuambia sisi tunashindana?"

"Wewe, dada. Kila Alhamisi."

Dada akaweka chupa ya chai chini. Alikuwa mtu mzima, alijua kupokea ukweli. "Basi nisamehe," akasema. "Na mimi ulipoanza kunipita sikulala. Nilikuwa namtazama mwanangu kama ameniangusha. Mtoto wa watu amekula, ameshiba, namtazama hivyo!" Wakatazamana, wakaanza kucheka, wakacheka mpaka nesi akatoka kuwauliza kama wanaona hapa ni sokoni.

Siku ya kuruhusiwa, mama akasimama mbele ya mizani. Kilo sita na gramu mia tano na hamsini. Na ninyi mnajua binadamu alivyo. Akauliza, "Nesi, wa dada yangu ana kilo tisa na nusu. Huyu atamfikia lini?"

Nesi akavua miwani. "Mama, umeanza tena? Mimi simpimi mwanao kwa mtoto wa dada yako. Nampima kwa juma lake lililopita. Amezidi gramu mia tatu, na zote ni nyama. Nenda nyumbani ukafurahi."

Akaenda nyumbani akafurahi. Na kikombe cha kwanza kikarudi kwa mwenyewe.

Mfano wangu umeishia hapo, lakini msinyanyuke, sijamaliza na ninyi.

Nchi zote zinapimwa, wapendwa, na ni haki zipimwe. Msitoke hapa mkasema mchungaji amelaani hesabu. Mimi nimekula mkate wa mizani miaka kumi na moja. Nchi isiyojipima itaumwa bila kujua. Wala kumtazama jirani si dhambi. Mdogo yule angemuuliza dada yake, "Unampa mtoto nini, na mara ngapi kwa siku?" angerudi nyumbani na maarifa. Lakini hakuuliza habari ya chakula, aliuliza habari ya kadi, kwa hiyo alirudi na kijicho. Sisi pale kwa kinyozi tuliuliza nini? Kuna mmoja wetu aliyeuliza jirani zetu wamewafanyaje wakulima wao mpaka wakavuna? Wamewafundishaje mafundi wao? Barabara ile ya lami, nani aliisimamia, na alizuiaje mchanga usichukue nafasi ya lami? Hakuna. Tuliuliza nani kamzidi nani, tukanyolewa, tukaondoka.

Na nchi ikianza kuogopa nukta ya chini, itaanza kununua vikuku. Itapeleka nje hata kikombe cha mtoto ili habari isomeke vizuri. Wakubwa watapiga makofi kwa kadi. Halafu siku mtoto atakapolegea, na mtu mwenye kitanda yuko tayari kusaidia, atatazama kadi atasema, "Lakini ninyi mmekua! Nendeni nyumbani."

Mnanitazama kama nawasema walioko mjini. Mnasema, mchungaji, wapashe hao! Sasa nitawasema walioko humu ndani, kuanzia huyu aliyesimama mbele yenu.

Mwaka juzi ilipita hapa fomu ya maendeleo ya kata. Kila kata kwenye tarafa ilijaza: madarasa mangapi, vyoo vingapi, visima vingapi vinatoa maji. Mimi ni mjumbe wa kamati, na mwalimu Kabyemela pale ni mjumbe, asiangalie dirishani. Tulikaa siku nzima na ile fomu. Mtu mmoja akasema, "Kata ya ng'ambo ya mto wameandika visima vinne." Basi! Iliishia hapo. Tukaandika vitano. Visima vitano vinatoa maji! Akina mama, nionyesheni hivyo vitano. Kimoja kimekufa pampu tangu zile mvua kubwa za mwaka ule. Kimoja kimezibwa na mbuzi aliyetumbukia, na mbuzi mwenyewe mnamkumbuka. Kimoja hakijawahi kutoa maji, kilitoa sherehe ya uzinduzi. Vimebaki viwili. Tukasaini, nami nikasaini, kwa jina langu na cheo changu cha utumishi. Tukawa wa kwanza katika tarafa, tukapewa cheti, kimetundikwa ofisini kwenye fremu.

Na mradi wa visima ulipokuja, ulikwenda wapi? Ulikwenda ng'ambo ya mto. Mlilalamika sana. Mlisema tumeonewa, mlisema wale wana mtu wao wilayani. Mimi nilikaa kimya kwenye kiti changu. Hakuna aliyetuonea, wapendwa wangu. Walisoma kadi yetu, ikawaambia tumeshiba maji.

Miaka miwili nimewaona mkipanda kile kilima na ndoo, nami najua. Nimewabariki asubuhi mkiwa mmechoka, nami najua. Nisameheni. Nalisema wazi, nimewakosea.

Jumatano nilishindwa kulibeba zaidi. Nilikwenda na mwalimu ofisini, tukaomba fomu mpya. Mtendaji wa kata akatutazama. "Mchungaji," akasema, "mkiandika viwili tunakuwa wa mwisho katika tarafa. Cheti kile kitashushwa." Nikamwambia, "Nitakishusha mwenyewe, mimi ni mrefu." Nikaandika mbili. Mwalimu akasaini, nikasaini. Nilipotoka pale nje, ndugu zangu, nilihisi mabega yangu yamepanda juu yenyewe. Nilimsalimia kila mtu njiani, hata mbwa wa mwenyekiti nilimsalimia.

Na jana mchana simu imelia. Watu wa maji wa wilaya wamesoma. Wanakuja Jumanne kukagua vyote vitatu vilivyokufa, na wamesema vipuri vya ile pampu wanavyo tayari. Ndiyo, pigeni vigelegele, pigeni, hilo ndilo la kupigia! Tumekuwa wa mwisho na maji yanakuja.

Basi simameni sasa tuombe. Fumbeni macho, toeni mikono mifukoni. Na tukianza kumweleza Mungu hali zetu, nawasihi, mtu yeyote asimwambie kwamba tuna visima vitano.